Mita Sitini Zisizouzwa: Safari ya Mwambao wa Mwanza

Maji tunayotilia udhu Tabora hayatoki Tabora. Yanavutwa Ihelele, kijiji kilichopo kando ya Ziwa Victoria katika Wilaya ya Misungwi, yakisafishwa na kusukumwa katika mabomba. Mradi huo ulianza kwa kuzinywesha Shinyanga na Kahama mwaka 2009, na katika miaka ya karibuni mabomba yakafikishwa Nzega, Igunga na mji wetu. Wazee waliozoea kupanga ndoo kisimani tangu alfajiri wanaijua thamani ya neema hiyo, Alhamdulillah. Ziwa ambalo wengi wetu tulilijua kwa ramani ya shuleni na kwa samaki wa sokoni limekuwa jirani yetu, na jambo linalotendwa ufukweni mwake si habari ya watu wa mbali tena.

Hata hivyo, hatukwenda Mwanza kwa ajili ya maji. Tulikwenda kwa ajili ya amana. Muumini mmoja wa msikiti wetu alifariki akaacha watoto wanne wadogo, na ami yao ndiye aliyekabidhiwa mali yao. Dalali alikuwa amemletea ami huyo habari ya viwanja viwili pembezoni mwa Jiji la Mwanza, mbele ya ziwa kabisa. Bei ilikuwa nafuu na mandhari mazuri, na aliahidiwa kuwa nyumba ya kupangisha ikisimama pale, watoto watasomeshwa kwa kodi yake. Mzee wetu, kwa uangalifu wake, hakulipa hata shilingi moja kabla ya kuja kushauriana na kamati. Nasi tuliona kwamba mali ya yatima haitolewi kwa kusikia. Tukakubaliana kwenda watu watatu: mzee mwenyewe, mjumbe mmoja wa kamati ambaye ni fundi mwashi wa miaka mingi, na katibu aandikaye makala haya.

Barabara ya kwenda ziwani

Basi linalotoka Tabora hupita Nzega, likakata Tinde, likaingia Shinyanga, na kwa saa nyingi msafiri haoni ila tambarare ya Usukuma, ng'ombe, na mashamba ya mpunga na pamba. Dalili za Mwanza huanza kwa mawe. Majabali ya matale yanajitokeza, jiwe juu ya jiwe, kana kwamba yamepangwa na mikono, na ukishapita Usagara nyumba huanza kusogeleana. Buhongwa, Mkolani, kisha Nyegezi kwenye kituo cha mabasi. Miaka si mingi iliyopita sehemu kubwa ya ukanda huu ilikuwa mashamba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika wilaya mbili za jiji, Nyamagana na Ilemela, watu zaidi ya milioni moja na laki moja.

Watu hao wote lazima walale mahali. Mwanza imebanwa na maji upande mmoja na vilima vya mawe upande mwingine, na ardhi tambarare ni chache. Kwa hiyo jiji linapokua huchukua njia mbili: hupanda juu ya vilima, au huteremka kuelekea ziwani. Hizo ndizo njia mbili tulizozifuata katika siku zetu tatu, na hatukujua tulipoanza kwamba zinakutana.

Sheria ya mita sitini

Kabla ya kwenda kuona viwanja tulisoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka kwenye fukwe za bahari na maziwa ya asili, kingo za mito na mabwawa. Sheria hiyo haikuanzisha wazo jipya. Miaka mitano kabla yake, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ilikwishaiorodhesha ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, ufukwe wa ziwa au pwani miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, pamoja na ardhioevu na miteremko mikali. Majirani zetu wa Uganda, wanaotumia ziwa hilihili, wameweka mita 200 kwa Ziwa Victoria. Vipimo vinatofautiana, lakini serikali zote mbili zimekubali kwamba kati ya nyumba na maji lazima pawepo na ukanda usio wa mtu.

Kwa nini ukanda huo? Sababu ya kwanza ni kwamba ziwa hili lina mwendo. Mvua kubwa za miaka ya 1961 hadi 1964 zililipandisha zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 lilishuka hadi kina cha chini ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, na wako waliojenga wakidhani maji yamekwenda moja kwa moja. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja, Uganda, kiliivuka ile rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 maji yakapanda tena juu zaidi ya hapo. Kati ya kushuka kule na kupanda huku kuna tofauti ya zaidi ya mita mbili kwenda juu. Mtu atasema, mita mbili ni nini? Fundi wetu alijibu swali hilo kwa hesabu nyepesi. Mahali ambapo ardhi inainuka mita moja kwa kila mita hamsini za mwendo, ziwa likipanda mita moja tu, maji huingia nchi kavu mita hamsini.

Sababu ya pili ni usafi. Majani, matete na miti ya ukingoni huchuja udongo na uchafu unaoteremka na mvua. Ukiyafyeka na kuweka zege, kila kilichomwagwa uani kinaingia ziwani siku hiyohiyo. Sababu ya tatu ni njia. Mvuvi, mchota maji na mwenye ng'ombe wa kunywesha wote wanahitaji kulifikia ziwa, na ukuta wa mtu mmoja unaweza kuwazuia mia.

Vigingi na mwembe

Jina la mwambao tulioonyeshwa tunalihifadhi, kwa kuwa hali yake si ya pale peke yake. Tulifika asubuhi, upepo ukiwa bado mwepesi. Haikuwa vigumu kuelewa kilichomvutia mzee wetu. Maji yalikuwa yametulia, visiwa vikionekana kwa mbali, na mitumbwi ilikuwa ikirudi na dagaa wa usiku. Kijana wa dalali alitupokea kwa adabu, akatuonyesha mipaka.

"Kuanzia kigingi kile mpaka kile, mzee wangu," alisema. "Mbele ni ziwa. Hakuna atakayekuzibia."

Mipaka yenyewe ilikuwa vigingi vya miti. Hapakuwa na bikoni ya mpima ardhi hata moja. Fundi wetu akatoa futi kamba ndefu, tukaanza kupima kutoka ukingo wa maji wa siku ile. Kigingi cha mbele kilikuwa mita 19 kutoka majini. Kigingi cha nyuma kilikuwa mita 49. Kwa maneno mengine, viwanja vyote viwili, pamoja na mahali pangekuwa chumba cha mwisho kabisa cha nyumba ya mayatima, vilikuwa ndani ya mita sitini.

Hatua chache kutoka pale mama mmoja wa makamo alikuwa akianika dagaa. Tulimwamkia, naye akaitikia kwa moyo mkunjufu, akataka kujua tunapima nini. Tulipomweleza, alinyoosha mkono kuelekea mwembe uliosimama katikati ya kiwanja cha kwanza.

"Mwaka ule wa 2020 maji yalifika pale, wanangu," alisema. "Na mwaka 2024 yalipita. Sisi hapa tunaanika tu, hatujengi. Ziwa lina kawaida ya kurudi kwake."

Tukapima tena. Mwembe ulikuwa mita 27 kutoka majini. Kama tungehesabu mita sitini kutoka pale maji yalipowahi kufika, tungelazimika kusimama mita 87 kutoka ukingo wa siku ile, mbali kabisa na kigingi cha nyuma. Hili ni jambo ambalo mnunuzi wa kiangazi halioni. Anapima kutoka kwenye maji anayoyaona, na ziwa huhesabu kutoka kwenye maji ya masika makubwa.

Kijana wa dalali hakubisha. Alisema karatasi ya mauziano ingeshuhudiwa na viongozi wa mtaa, na kwamba wengi wameshanunua kwa njia hiyo. Hilo la pili tuliliona kwa macho, kwani msingi wa nyumba uliojengwa kwa mawe ulikuwa umeachwa nusu upande wa kushoto, na pembe yake moja imo majini. Hatukumjua mwenyewe. Bila shaka naye alikuwa na familia, na fedha zile alizipata kwa jasho.

Katika ofisi ya ardhi

Siku ya pili tulikwenda ofisi ya ardhi kuuliza. Afisa aliyetuhudumia alitufungulia mchoro wa mipango miji wa eneo lile, na pale viliposimama vigingi ramani ilikuwa na ukanda wa kijani, yaani eneo la hifadhi ya ufukwe. Nyuma yake kulikuwa na barabara, na nyuma ya barabara ndipo vilipoanza viwanja vya makazi vyenye namba. Hakuna aliyetuficha, na hatukuombwa chochote. Mchoro ulikuwapo siku zote, ukisubiri mtu wa kuuliza.

Hapo ndipo tulipojifunza jambo la pili la safari yetu, ambalo tunaona linafaa kuelezwa kwa familia zote zinazotafuta ardhi mjini. Wapangaji wa miji hawapimi umbali peke yake. Wanapima pia ujazo, yaani wingi wa nyumba na watu katika eneo moja. Watu wengi huchanganya maneno haya. Eneo la ujazo mkubwa ni lile lenye viwanja vidogo na nyumba nyingi. Eneo la ujazo mdogo ni lile lenye viwanja vikubwa na nyumba chache. Katikati yake kuna ujazo wa kati. Kila kiwanja kilichopimwa kina ujazo wake, na kila hatimiliki inataja matumizi yaliyoruhusiwa.

Tufanye hesabu. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Tukitoa sehemu ya barabara, mifereji na maeneo ya wazi, tuseme zimebaki 7,000. Ukigawa viwanja vya mita za mraba 1,000, unapata viwanja 7. Ukigawa vya mita za mraba 400, unapata 17. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Basi katika hekta ileile, mgawo wa kwanza una watu 30 na mashimo ya choo saba, na wa pili una watu 73 na mashimo kumi na saba. Na hiyo ni endapo kila kiwanja kina kaya moja. Akija mtu akajenga vyumba kumi vya kupangisha, hesabu inavunjika.

Si kwamba ujazo mkubwa ni ubaya. Mji wenye watu wengi hauwezi kumpa kila mtu kiwanja kikubwa, na anayedai hivyo anawafukuza maskini mjini kwa ulimi laini. Ujazo mkubwa unahitaji vitu vyake: bomba la majitaka, njia ya gari la kunyonya choo, mfereji wa mvua, na njia ya gari la zimamoto. Penye bomba, watu 73 katika hekta wanaweza kuishi kwa usafi. Pasipo na bomba, na juu ya ardhi ambayo maji yake ya chini yamekaribiana na ziwa, hata watu 30 ni wengi.

Vilimani

Alasiri tulipanda vilima. Igogo, Mabatini, Isamilo: nyumba zimeshikamana na majabali kama viota, ngazi za mawe zikizunguka baina ya kuta, na watoto wakishuka kwenda kisomo cha jioni kwa wepesi ambao sisi watu wa tambarare hatuna. Udongo ni mwembamba, na chini yake ni mwamba mgumu. Fundi wetu alisimama mbele ya choo kimoja akatikisa kichwa. Shimo halichimbiki zaidi ya kimo cha mtoto. Mvua kubwa ikinyesha, yaliyomo hupanda na kushuka na mto wa maji hadi mabondeni, yakaingia katika Mto Mirongo unaokatiza katikati ya jiji, na Mirongo huishia ziwani. Katika baadhi ya vilima mamlaka ya maji imelaza mabomba membamba ya majitaka yanayopita baina ya nyumba, na wenyeji waliounganishwa walituambia tofauti ni kubwa. Lakini si kila nyumba imefikiwa.

Kwa nini watu walijenga juu ya mwamba? Kwa sababu ardhi nzuri ilikwishagawanywa. Mji huu Wajerumani waliuanzisha kuwa kituo cha utawala mwaka 1892, nao Waingereza wakaurithi. Kama ilivyokuwa katika miji mingi ya Tanganyika, ramani ya kikoloni iliwatenga watu: uzunguni viwanja vikubwa penye upepo, uhindini viwanja vya kati penye maduka, uswahilini viwanja vidogo, au hapana kiwanja kabisa. Yale majina ya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa yametoka katika mgawanyo huohuo, ingawa leo anayegawa ni bei badala ya rangi. Ukisimama Isamilo ukatazama chini, unaiona Capri Point ikiingia ziwani kwa miti yake na nyumba zake zilizoachiana nafasi, na hapohapo Capri Point ndipo jiji linapovuta maji yake ya kunywa kwa miaka mingi. Butimba, kusini kidogo, pamejengwa chanzo kingine kipya. Yanayoshuka kilimani na yanayochotwa ziwani ni maji mamoja.

Hapa zile njia mbili zinakutana. Sheria ya mita sitini ni mstari, na mstari hauzuii maji yanayopita juu yake. Kama nyuma ya mstari huo watu wamesongamana pasipo na bomba, ukanda wa kijani utachuja kidogo tu, na ziwa litapokea yaliyobaki. Gugu maji lililovamia ziwa hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hustawi kwa mbolea na uchafu wa namna hiyo. Kichocho, ambacho madaktari wa Kanda ya Ziwa wanahangaika nacho, huendelea pale kinyesi na mikojo vinapoyafikia maji yenye konokono, na watoto wakaoga humo. Anayelinda ufukwe bila kuwaondolea adha watu wa kilimani analinda nusu ya ziwa, kisha anailaumu nusu ya pili.

Nani anayehitaji maji

Siku ya Ijumaa, kabla ya sala, tulifika mwalo wa Kirumba. Dagaa na samaki wakavu hupakiwa pale kwenda mikoani na nchi za jirani. Wachukuzi, wauza chai, mafundi wa mitumbwi na mama wa kuchambua dagaa wote wamo ndani ya zile mita sitini. Je, nao wanavunja sheria? Tulilifikiria swali hili kwa muda, kwa kuwa linawachanganya wengi na huwapa wenye hila hoja ya kusema, "Mbona wao wapo?"

Kwa uelewa wetu, jibu limo katika tofauti ya haja. Mvuvi hawezi kuvua kutoka mita mia. Mtumbwi lazima uguse maji, na wavu lazima ukauke jirani yake. Kwa ajili hiyo mialo hutengwa, na sheria yenyewe imempa Waziri nafasi ya kuweka miongozo ya shughuli za ukanda huo. Nyumba ya kulala haina haja hiyo. Inataka kuyatazama maji tu, na kuyatazama kunawezekana hata kutoka mita mia mbili. Linalokera wananchi ni pale futi kamba inapokuwa na pande mbili: kibanda cha muuza chai kinavunjwa asubuhi, na jengo la ghorofa lenye ukuta hadi majini linaachwa lisimame mwaka hadi mwaka. Sheria ya namna hiyo hupoteza heshima yake kwa watu wote, na mnyonge akiona hivyo hujenga usiku. Tunasema hivi bila kumtaja yeyote: atakayetaka mita sitini ziheshimiwe aanze kuzipima kwenye kuta ndefu.

Harimu ya maji

Kwa sisi tuliosoma fiqhi, jambo hili si geni hata kidogo. Katika mlango wa kuhuisha ardhi mfu, wanazuoni walieleza kwamba mtu anaweza kumiliki ardhi isiyo na mwenyewe kwa kuihuisha, lakini wakatoa baadhi ya ardhi katika hukumu hiyo. Miongoni mwake ni harimu: eneo linalozunguka kisima, chemchemi, mto au kijiji, ambalo halimilikiwi na mtu peke yake kwa sababu manufaa ya kitu kile hayatimii bila eneo hilo. Kisima kisicho na nafasi ya kusimama mchota maji na kunywea mifugo ni shimo tu. Wanazuoni walitofautiana kuhusu idadi ya dhiraa, kama serikali zetu zinavyotofautiana leo kuhusu mita, lakini asili ya jambo hawakuigombania. Vilevile, watu walipohitilafiana juu ya upana wa njia, mafundisho yaliyopokewa yaliiwekea dhiraa saba, ili mjenzi asije akaila njia ya wapitaji.

Kwa hiyo Mwislamu anayeambiwa asijenge ndani ya mita sitini asidhani ameletewa kero ya kizungu. Ameambiwa jambo ambalo mafaqihi wa Basra na Qurtuba wangelifahamu mara moja. Na anayefikiria kutoa waqfu wa msikiti au madrasa mbele ya ziwa akumbuke kwamba sharti la waqfu ni kutoa unachomiliki. Kiwanja kilicho ndani ya harimu ya ziwa hakikuwa chako hata ulipokilipia. Hali kadhalika mirathi: baba anayenunua pale huwaachia watoto kesi, na kesi haigawanyiki kwa mafungu ya faraidhi.

Maswali kabla ya fedha

Tuliyoyapata tunayaweka mbele ya familia, wake kwa waume, maana mara nyingi mama ndiye anayetunza akiba na ndiye anayeachwa na mzigo nyumba ikibomolewa.

Kwanza, uliza kiwanja kiko mita ngapi kutoka majini, kisha waulize wazee wa pale maji yaliwahi kufika wapi, upime upya kutoka hapo. Pili, tafuta bikoni. Vigingi vya miti si upimaji. Tatu, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri ukaombe kuonyeshwa mchoro wa eneo, uone kama kiwanja kimo katika makazi, katika hifadhi, au katika barabara ijayo. Nne, uliza ujazo wa eneo na choo kitapelekwa wapi: kuna bomba, au gari la kunyonya lina njia ya kufika? Tano, elewa kwamba karatasi ya mauziano, hata ikiwa na mihuri na mashahidi, huthibitisha tu kuwa mmeuziana. Haiwezi kuibadilisha ardhi ya hifadhi ikawa ya makazi. Sita, usianze msingi bila kibali cha ujenzi.

Na wale walioko vilimani, ambao hawana fedha za kuhama wala hawakukosea kuzaliwa pale, wana haki ya kudai bomba na mfereji katika mikutano ya mitaa yao. Kudai huko ni kulilinda ziwa, hata kama hawajawahi kugusa maji yake kwa miguu. Sisi wa Tabora, Nzega na Shinyanga tuna haja ya dai hilo lifanikiwe, maana tunakunywa humo.

Ami wa mayatima hakununua. Alimshukuru kijana wa dalali, akamwambia kwa upole kwamba fedha zile hazikuwa zake za kuthubutu nazo. Katika ofisi ya ardhi alichukua orodha ya viwanja vilivyopimwa, vya ujazo wa kati, umbali wa kama kilomita tatu kutoka ziwani, ambako hakuna mandhari yoyote ya kusifia isipokuwa mawe na migomba ya jirani. Bado anavilinganisha na vingine vya Tabora. Tutakapokaa kikao cha kamati baada ya mwandamo, insha Allah, atatuletea jibu lake, na fedha za watoto hadi sasa ziko kamili.